Mto Usiotekwa Maji

Boise, Idaho, tarehe 17 Januari

Yaya wangu, pamoja na mama mkubwa na wote wa Keshero, Goma,

Leo kwenu ni konje ya Lumumba. Huku nami sikuwa na zamu, basi mzee mmoja ninayefanya naye kazi akaniita twende kutembea kando ya mto. Nikamwuliza, tunaenda kwa nani? Si kwa mtu. Kuna nini huko? Njia. Na njia inafika wapi? Akasema tukichoka tutageuka.

Yaya, kwetu mtu hatoki Keshero mpaka Birere bure: kuna bidoni ya kujaza, kuna deni, kuna kilio. Huku watu wazima wananunua viatu vya bei kali, wanapanda gari kwenda mahali pa kutembea kwa miguu, halafu wanapanda gari kurudi walikotoka. Na wanarudi wanacheka.

Mto unaitwa Boise kama mji wenyewe, na njia zake zinaufuata kilomita kama 40. Kipande tulichoenda ni cha waendao kwa miguu tu. Kibao kinakataza baiskeli. Nimekisoma chote mpaka chini. Chukudu yetu ya mbao haikutajwa.

Maji ni mengi, safi, yanapita tu. Hakuna anayeteka, hakuna anayefua, hakuna mtoto aliyetumwa. Mtu mmoja alikuwa amesimama ndani yake mpaka kiunoni, katika baridi hii ya kugonganisha meno, anavua. Akatoa samaki mzuri mwenye madoadoa ubavuni, wa kushibisha watu watatu. Akampiga picha. Akamshika taratibu kwa mikono miwili, akamrudisha mtoni. Angefanya hivyo kwetu Kituku, wamama wauza sambaza wangemkamata wakampeleka kuombewa. Na yeye amelipia leseni!

Mabata bukini nao wamejaa kwenye nyasi, wanene, wanakutazama kama polisi wa bariyeri. Hakuna anayewakimbiza.

Miti ya kando ya maji imevalishwa waya shinani. Nikadhani ni umeme. Kumbe ni kwa ajili ya biva, jamaa mmoja wa ukoo wa panya, mkia bapa, meno ya kuangusha mti mzima usiku mmoja. Nikamweleza mzee kwamba kwetu tuna Virunga, hifadhi tangu 1925, na huko anayeangusha mti ana panga na gunia la makala, na mwenye bunduki nyuma yake. Waya hausaidii. Walinzi zaidi ya 200 wamekufa kazini. Mzee akakosa la kusema, ikabidi nimchangamshe mwenyewe: angalau biva hajafika Rutshuru.

Kisha akaniomba nishushe sauti. Juu ya mti alikuwa ametua tai mwenye kichwa cheupe; wakati wa baridi wanakuja mtoni hapa. Ni yule wa kwenye noti ya dola moja, ile ambayo wabadilisha pesa wa Birere wanakurudishia bila hata kuigusa. Basi tukanyamaza, na watu wengine wakanyamaza, mji mzima ungesema umelala. Nikaanza kutoka jasho. Kwenu mnanielewa. Goma ikinyamaza saa sita mchana, mama mkubwa anajaza bidoni zote na kuhesabu watoto, na tangu waasi wa M23 walipoingia mjini Januari 2025 sihitaji kuwaeleza zaidi. Hawa wamekitengea kimya ukingo mzima wa mto, wanakifuata na kahawa mkononi.

Lakini subirini jina la njia. Inaitwa Bethine Church. Mumewe, Frank Church, alikuwa seneta wa Idaho tangu 1957 mpaka 1981, na mwaka 1975 kamati yake ndiyo iliyofungua makabati ya CIA. Humo ikatoka habari kwamba Septemba 1960 majasusi hao walipeleka sumu Léopoldville, ya kutia kwenye chakula cha Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, au kwenye dawa yake ya meno. Haikutumika. Aliyekabidhiwa aliiambia kamati kwamba aliitupa mto Kongo. Lumumba aliuawa kwa risasi kule Katanga, 17 Januari 1961.

Yaani mtoto wa Goma avuke bahari, apangiwe mji asiouchagua, na siku ya Lumumba yenyewe akanyage njia ya mke wa mtu aliyetoboa siri ile! Nikamsimulia mzee, maana amezaliwa hapa na njia hii anaipita kila wiki. Hakuwa na habari. Alisimama, akaniuliza, “Dawa ya meno?” Tukatembea. Baada ya muda, tena: “Dawa ya meno?” Mpaka tunafika kwenye gari bado anatikisa kichwa, na nina hakika leo usiku atalala bila kupiga mswaki.

Mama mkubwa aliuliza kama mto wa huku una mamba. Mwambie hauna. Picha nimewatumia. Akiwaona wale mabata bukini atataka kujua bei. Mwambie nimeshauliza, hawauzwi, na mzee amenikataza kuwatazama vile nilivyokuwa nikiwatazama.

Mdogo wenu