Shajara ya Stroberi, Lushoto

Jumatatu
Mvua ya usiku imerusha matope mpaka kwenye majani. Stroberi zilizogusa udongo zimeota ukungu wa kijivu kwa chini huku juu zikiwa zinang'aa, hivyo ilibidi nigeuze moja moja. Zilizooza nimezitoa shambani na kuzifukia mbali, maana ukungu ule huhama tunda hadi tunda. Nzima nimezichuma umande ulipokauka, nikikata kikonyo kwa kucha bila kuminya tunda. Mnunuzi alitaka na zile zenye mabega meupe ili zisilainike njiani. Nimekataa. Stroberi ikishachumwa haiivi tena; itaongeza wekundu, lakini utamu haupandi. Ameondoka bila kununua.

Zetu tumekula jioni, bila sukari. Sijaona tunda jingine la Usambara ambalo bakuli lake moja hunukia nyumba nzima.

Jumanne
Nimempelekea dada yangu wa Tanga kwa basi la asubuhi, kwenye kikasha kifupi, tabaka mbili tu. Kondakta aliahidi kukiweka mbele. Adhuhuri dada akapiga simu: kikasha kilisafiri chini ya gunia la viazi. Kutoka hapa kupita Soni hadi Mombo ni kona juu ya kona, na ukishateremka bondeni joto linakusubiri. Kilichofika ni maji mekundu na vikonyo. Dada ameyachuja, akatia sukari, watoto wakanywa. Kasema ni matamu.

Jumatano
Jana jioni nilitandaza stroberi kwenye trei ndani ya friza, zigande kila moja peke yake ndipo nizitie mfukoni, la sivyo hushikana zikawa bonge. Usiku umeme ukakatika, ukarudi alfajiri. Nimekuta trei imejaa maji. Barafu ikishaanza kuota ndani ya stroberi hupasua nyama yake, na ikiyeyuka tunda halisimami tena. Kwa sahani hazifai, kwa jemu zinafaa kabisa. Nimepima kilo mbili, nikachanganya na kilo moja na nusu ya sukari na maji ya ndimu. Ndimu ni ya lazima: stroberi ina pektini kidogo, na bila uchachu jemu haigandi. Nimefunika bakuli lilale hivyo hadi kesho.

Alhamisi
Mwanangu alifunua bakuli kuonja. Sisimizi nao wakaonja. Tabaka la juu limekwenda kwa kuku.

Mchana wifi yangu kaja kutoka Dar es Salaam na kipimajoto na maelekezo ya mtandaoni yanayosema jemu iive hadi nyuzi 105. Nikamwambia, "Wifi, hapa tuko juu, karibu mita 1,400. Maji yenyewe yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi." Jemu huwa tayari ikipita mchemko wa maji kwa nyuzi nne au tano, kwa hiyo kwetu nyuzi 100 zinatosha. Akashika la mtandaoni, nami nikamwachia sufuria moja. Imetoka ngumu kama kashata na nyeusi kwa chini. Ya kwangu niliipima kwa kisahani kilichokaa kwenye friza: unadondosha tone, unalisukuma kwa kidole, likifanya mikunjo unaepua. Imebaki nyekundu, na vipande vya tunda vinaonekana.

Ijumaa
Kuchemsha mitungi ya kioo. Vitabu vingi husema dakika kumi. Kwa mwinuko huu naipa robo saa, maana maji yetu yana joto pungufu. Mtungi mmoja mtoto aliuweka wa moto kwenye sakafu ya saruji, ukapasuka. Mingine nimeijaza jemu ikiwa bado moto, nikafuta midomo, nikafunga. Jioni mifuniko yote ilikuwa imebonyea katikati isipokuwa mmoja. Huo tumeuanza kwa mkate, kwa sababu mtungi usiojifunga si wa kuweka kabatini.

Jumamosi
Mama mkwe kaja kutusalimia. Kaondoka na mitungi miwili, na ni haki yake.

Nimepita dukani kununua sukari. Rafu nzima ilikuwa na jemu ya stroberi iliyotoka ng'ambo, wakati jirani yangu anamwagia ng'ombe ndoo ya stroberi zilizokosa mnunuzi tangu jana. Jambo hili linaniuma kila msimu. Tunda hili halingoji gari la kesho wala soko la Jumatatu. Lisipoliwa au kupikwa siku lilipochumwa, kesho yake nusu ya thamani yake imekwisha. Wenye hoteli na migahawa wa Lushoto, nunueni stroberi za jirani zenu asubuhi, zilizoiva mpaka kwenye kikonyo, na jioni ileile wekeni sufuria jikoni.