Yah: Ombi la Kuruhusiwa Kuomba

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya sheria, Dodoma.

Wananchi wa kata ya Suma, wilayani Rungwe, wanampongeza Mheshimiwa kwa moyo mkunjufu. Si serikali nyingi duniani zilizoweza kuwapa raia haki zao zote kisha zikabaki na funguo mfukoni, tena bila mwenye funguo kuonekana.

Pongezi zinaanzia Shinyanga. Wajane wawili, wote mafundi cherehani, walitolewa kwenye nyumba zao na ndugu wa waume zao. Wakaenda Mahakama Kuu kupinga kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963. Kanuni hizo zinasema mjane hana fungu katika mali ya marehemu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto aliowazaa. Mwaka 2006 Mahakama ilikubali kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, kisha ikakataa kuzifuta. Ilihofia kwamba zikiguswa hizi, mila za makabila mengine yote zitapanga foleni mlangoni. Wajane wakaelekezwa kwenye halmashauri za wilaya. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya hati, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imekiuka haki zao.

Basi waende halmashauri. Suma wameichunguza njia hiyo na wameipenda, kwa sababu haina mwisho. Sura ya 358 ya sheria za nchi inairuhusu halmashauri kupendekeza mila ibadilishwe. Pendekezo linapelekwa kwa Waziri. Jaji anamtuma mjane kwa diwani, diwani anamwandikia Mheshimiwa, na Mheshimiwa ana shughuli nyingi.

Ikumbukwe pia kwamba mwaka huo huo wa 1963 sheria iliwafuta machifu, akina Malafyale wa huku wakiwemo. Wazee waliokuwa wakiisemea mila wakaondolewa. Mila yenyewe ikapewa namba kwenye Gazeti la Serikali. Leo mzee wa Kinyakyusa akitaka kusema mila imebadilika, sharti aombe kibali Dodoma.

Kuna waliopendekeza njia ya mkato: kijiji kitunge sheria ndogo ya kumlinda mjane asitolewe nyumbani kwake. Wazo zuri. Sheria Na. 7 ya 1982 inataka sheria ndogo ya kijiji ikubaliwe na halmashauri ya wilaya, na ya halmashauri ikubaliwe na Waziri wa TAMISEMI. Halafu isipingane na sheria ya nchi, na hapo Tangazo la 1963 linasubiri. Kwa ushuru wa ndizi na parachichi utaratibu huo hauwashindi wakubwa. Kwa mjane unahitaji subira.

Ajabu ni kwamba Bunge lilishasema mwaka 1999, katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kuwa mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Kwa hiyo shamba ni lake kwa sheria moja, si lake kwa tangazo jingine, na shemeji yake ameshasoma lile linalomfaa.

Baraza la kata nalo limetunzwa. Lina wajumbe wanne hadi wanane, watatu kati yao wanawake, na zamani liliweza kuamua mgogoro wa ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 3. Marekebisho ya mwaka 2021 yamelipunguzia mzigo: sasa linasuluhisha tu. Wajumbe wanashuka shambani, wanakanyaga matope, wanahesabu mashina ya migomba kutoka mferejini hadi kwenye mparachichi, na hakuna asiyejua nani kasogeza mpaka. Kisha kaunta buku inafunguliwa, inaandikwa kwamba pande mbili hazikuelewana. Mhuri unagongwa, mlalamikaji anapanda bodaboda na karatasi yake hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Tukuyu. Zikipita siku 30 bila suluhu anaruhusiwa kwenda bila karatasi, jambo linalotosha kuonyesha thamani yake.

Ni kweli, mabaraza yale yalikuwa na madhaifu. Wajumbe hawakusomea sheria, na wapo waliopindisha haki. Dawa ingekuwa mafunzo na posho. Iliyochaguliwa ina gharama ndogo zaidi.

Asiyeridhika anayo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Ibara ya 130 ya Katiba inasema Tume ni huru. Mistari michache chini, ibara hiyo hiyo inamruhusu Rais kuipa amri akiona maslahi ya taifa yanahitaji hivyo, na Tume haina uhuru wa kutozifuata. Mwandishi wa ibara hii anastahili nishani.

Wamarekani wajifunze kwetu. Mwaka 2016 jiji la Charlotte lilipitisha sheria yake ya kupinga ubaguzi, na jimbo la North Carolina, ili kuifuta, likalazimika kuitisha kikao maalumu, kupitisha muswada na kumpa gavana autie saini, yote tarehe 23 Machi, huku dunia nzima ikitazama na kupiga kelele. Kazi yote hiyo! Huku inatosha saini kutokuwekwa.

Tena nchi hii ina uzoefu. Mwaka 1972 halmashauri zilifutwa kabisa kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, na zikarudishwa kwa sheria za 1982. Sasa ibara ya 146 inasema lengo la serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Suma wanathibitisha kwamba madaraka bado yako njiani.

Ombi ni dogo. Mheshimiwa aruhusu halmashauri imwombe aruhusu kijiji kimwombe mjane asitoke nyumbani kwake. Ikiwa ombi hili nalo linahitaji kibali, barua hii ihesabiwe kuwa ombi la kibali hicho.



Nakala: Mkuu wa Mkoa wa Mbeya, kwa taarifa. Mkuu wa Wilaya ya Rungwe, kwa taarifa. Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, kwa taarifa. Mwenyekiti wa Kijiji, kwa utekelezaji.