Mjomba Yumo Kwenye Diski

Mjomba alikuwa mpagazi mlimani, mmoja wa wale wanaoitwa wagumu, na kwa miaka alituapia kwamba yumo kwenye filamu ya kupanda Kilimanjaro. Ushahidi ulikuwepo: diski aliyotumiwa na mtalii wa Marekani. Tatizo, deki ya Bibi ilikufa zamani, ikabaki kabatini chini ya kitambaa cha kufuma, imestiriwa kama marehemu wa heshima.

Desemba moja nikapanda Marangu na laptop niliyonunua Moshi mjini, mtumba wa Uingereza. Baada ya mtori tukajipanga sebuleni watu kumi na wanne, Bibi mbele kabisa na miwani yake. Nikaingiza diski. Ikakoroma kama Hiace inayopandisha kutoka Himo, kisha kimya. Likaja tangazo: diski hii si ya ukanda wako.

Kumbe wenye filamu waliigawa dunia kwa namba. Marekani 1, Uingereza 2, sisi 5, kundi moja na India, Urusi na Korea Kaskazini. Diski ya huku inagoma kwenye mashine ya kule. Mlima uko hapo nyuma ya migomba, lakini picha yake ikirudi nyumbani inaulizwa pasipoti.

Dawa ipo: mashine hukubali kubadilishwa ukanda, ila mara 5 tu, halafu inajifunga moja kwa moja. Yangu ilikuwa mtumba, nafasi nne walishazila waliokuwa nayo kabla yangu. Ikafunguka orodha ya nchi. Mwenye akili angetafuta Marekani. Mimi nikashuka nayo taratibu, nikaiona Tanzania, moyo ukanijaa, nikabonyeza.

Ukanda wa 5. Nafasi zilizobaki: 0.

"Umefanyaje, baba?" Bibi akauliza.

"Nimeweka kwetu, Bibi."

Binamu yangu akachomoa mfukoni diski isiyo na kasha, zile za filamu ishirini kwa moja. Ikacheza papo hapo. Ya wizi haikuulizwa ukanda.

Mjomba akaizima. Akasimama kando ya kioo cheusi, akaanza kutusimulia filamu yake kwa mdomo, kwa sauti ya wale watafsiri wa vibanda vya video. Mzigo wa mpagazi kisheria ni kilo 20. Yeye alitoka getini na 25, Mandara zikawa 40, Horombo akaongezewa meza, na alipokaribia Kibo alikuwa amembeba na mtalii mwenyewe.

"Na huyo mtalii alikuwa na kilo ngapi?" Bibi akauliza. Mjomba akaomba maji.

Kesho yake nikateremka mjini kwa fundi mmoja jirani na stendi. Alikuwa na kompyuta kuukuu isiyojua habari za kanda. Akainakili filamu kwenye flashi, akaniwekea na VLC, ile programu yenye alama ya koni ya barabarani.

Jioni tukakaa tena. Dakika ya thelathini na kitu, wapagazi wakapita mmoja mmoja kwenye ukungu. Mjomba akaruka: "Huyo!" Tukarudisha nyuma. Sekunde tatu: mgongo, miguu, na gunia kichwani lililoficha uso wote.

Wajomba wengine wakaanza kucheka. Bibi akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Nyamazeni," akasema. "Hilo sweta nimelifuma mimi. Na alisema lilipotea."

Mjomba akaangalia mlango.

"Uliliuza shilingi ngapi?"