Gunia Sebuleni

Mpwa wangu amesomea ujenzi wa kijani, na tangu arudi Chumbageni sakafu yangu haina amani. Ni ya saruji, nyekundu, imepasuka mlangoni, nami nilishaanza kudunduliza fedha za tailizi. Zile nyeupe za kung'aa, ambazo siku ya mvua mgeni huingia wima akafika kwenye kochi chali. Lakini mtaa mzima umeweka, sasa mimi ni nani?

"Mjomba, tandika zulia la mkonge," ananiambia. "Ulaya wanalitandika nyumba nzima."

Mkonge! Kwa mtu wa Tanga! Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, upande wa Pangani. Hiyo 62 ilitosha kumpinda mgongo babu yangu, nami nikakua nikijua mkonge ni kamba na gunia, basi. Leo niambiwe niukanyage sebuleni, tena kwa bei inayozidi ya tailizi! Na zulia lenyewe halipendi maji: chai ikimwagika, doa hilo utawarithisha wajukuu.

Mama watoto alikishika kipande cha mfano alichokuja nacho mpwa, akakinusa. "Gunia hili," akasema, akarudi jikoni.

Kijana akahamia kwenye udongo. Eti Rwanda kuna kampuni, EarthEnable, inashindilia changarawe na udongo, kisha inapaka mafuta ya mimea yanayokauka yakawa gamba gumu. Sakafu inapigwa deki, na gharama ni ndogo kuliko ya saruji. Sibishi. Hata hesabu yake ya hewa chafu naikubali, maana viwanda vya saruji, kikiwemo hiki chetu cha Pongwe, vinachoma mawe ya chokaa usiku na mchana. Ila mama yangu amesiriba udongo na mavi ya ng'ombe ujana wake wote. Akija kunitembelea mjini akaukuta tena, nimwambie ni maendeleo?

Halafu kuna fundi. Aliuliza swali moja tu: "Mzee wangu, hapa inaingia mifuko mingapi ya saruji?" Akajibiwa, hata mmoja. Akakunja futi yake, na bei ikapanda palepale. Kazi asiyoijua, fundi huitoza mara mbili: ya kuifanya na ya kujifunzia kwako.

Wataalamu hawa wa ujenzi wa kijani wanakuja na makaratasi. Wangesakafia hata chumba kimoja, ofisi ya serikali ya mtaa kwa mfano, watu wavue ndala wakanyage, watoto wamwage uji, tuone. Nani ananunua sakafu ya kwenye simu?

Mpaka sasa mkonge umepata mteja mmoja, paka wetu. Kile kipande ananolea kucha kutwa. Nikamshitakia mpwa. Akanijibu bila haya kwamba huko Ulaya paka nao huuziwa mkonge kwa kazi hiyohiyo.