Jinsi ya Kufa kwa Heshima Juu ya Hipogrifu

Kila mchezaji wa Dungeons & Dragons hufikia siku ambayo kwenda kwa miguu kunamshinda. Kachoka na mapango, kachoka na mitego ya sakafuni, sasa anataka kuruka. Mwongozo huu ni wake yeye, pamoja na wale watakaorithi mali zake.

Kipando kichaguliwe kwa sura. Katika vitabu vya toleo la tano, vilivyotoka mwaka 2014, grifoni ana pointi 59 za uhai na hipogrifu ana 19. Chukua hipogrifu, nusu tai, nusu farasi, na kwenye picha anapendeza. Mchawi akikurushia Mpira wa Moto anatupa dadu 8, wastani 28. Wewe shujaa wa ngazi ya saba utaungua nyusi. Mnyama atakuwa nyama choma, nawe utagundua kwamba adui mwenye akili hakuwa na shida nawe hata kidogo. Shida yake ilikuwa na anayekubeba. Kumvika mnyama deraya hugharimu mara nne ya deraya ya binadamu, na pesa hiyo ina kazi nyingine kilabuni. Ukipata joka, vizuri zaidi, ila usijidanganye kwamba wewe ndiye dereva. Lina akili zake, na kanuni zinaliruhusu kwenda linakotaka.

Beba mkuki mrefu wa farasini. Unafika futi 10, na kwa vitabu hivyo vya 2014 adui akikusogelea hadi futi 5 unalazimika kutupa dadu mbili na kuchukua ile ndogo. Huko angani kila mtu atakusogelea.

Sasa vita vyenyewe. Ramani iko bapa mezani, vita viko juu, na hapo ndipo jioni nzima inapopotelea. Kisanamu chako kitapandishwa juu ya kopo la soda, joka juu ya vitabu vitatu, na mtu atauliza kama mshale unafika. Futi 60 kwa mlalo, futi 80 kwenda juu: aliyelala darasani siku ya Pythagoras atatoa simu na kupiga hesabu, atapata 100, na jirani yake atabisha. Nusu saa hiyo, ndani ya mchezo, ni sekunde sita.

Wazee walisota zaidi. Mchezo wa kwanza wa mwaka 1974 ulichota kanuni zake za angani kwenye Fight in the Skies, mchezo wa Mike Carr wa ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1979 viumbe wakapewa herufi, A hadi E: wa A anageuka papo hapo, wa E anahitaji anga nzima kukata kona. Siku hizi grifoni anageuka kama bajaji, na hakuna anayeshukuru.

Kuhusu kuanguka, usiwe na wasiwasi, utaanguka. Kiumbe arukaye akiangushwa kifudifudi anashuka naye aliye juu yake, isipokuwa awe na kipaji cha kuelea. Kila futi 10 ni dadu moja ya maumivu, lakini dadu hazizidi 20, wastani 70. Kwa hiyo kupigana kwenye futi 200 ni woga mtupu. Panda 2,000, bei ni ile ile. Tena kanuni za nyongeza za mwaka 2017 zinakushusha futi 500 kwa mkupuo, kwa hiyo ukitokea huko juu una muda wa kutosha wa kulaumiana.

Yupo mchawi wa kundi lenu awezaye kuwashusha watu watano taratibu kama unyoya, kwa uchawi wa ngazi ya kwanza kabisa. Sharti awe ndani ya futi 60. Mwache chini.

Wenzako hawatakulilia sana. Tandiko la kipando cha angani ni vipande 60 vya dhahabu, na mnyama akisalimika, mjadala wa nani alichukue utaanza kabla hujagusa ardhi. Mwenye adabu hutumia zamu yake ya mwisho kuwaambia kwamba mkanda wa kushoto ulikuwa umelegea.