Pampu Hoyee!

Watanzania tunajua kusifu. Tunaisifu barabara kabla haijawekwa lami, tunamsifu mgeni rasmi kabla hajafika, na bwana harusi tunamsifu hata kama tumemwona mara ya kwanza pale ukumbini. Katika wingi huo wote wa sifa, sijamsikia mtu aliyesimama akaisifu pampu ya kukamulia maziwa ya mama. Maziwa yenyewe yanasifiwa: kila mwaka, tarehe 1 hadi 7 Agosti, huwa ni Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, mabango yanachapwa, fulana zinagawiwa, na viongozi wanasema yale yale waliyoyasema Agosti iliyopita. Mama naye husifiwa, angalau wiki hiyo. Pampu inabaki chini ya mkoba, imeviringishwa mtandio, kana kwamba ni kitu cha wizi. Naomba niseme kwa niaba yake. Itifaki imezingatiwa.

Nianze na ukoo, maana kwetu mtu hasifiwi kabla hajaulizwa ni wa nani. Binamu wa karibu wa pampu ni mashine ya kukamulia ng'ombe, na hilo tusilifiche. Lakini ina wazee wake. Mwaka 1854 Orwell Needham wa Marekani aliipatia hataza. Miaka ya 1920 akaja Edward Lasker, mhandisi aliyezaliwa Ujerumani akahamia Marekani, naye akabuni pampu ya umeme. Lasker alikuwa pia bingwa wa sataranji, na sidhani kama kuna aliyefaa zaidi, kwa sababu mama anayetaka kusafiri na kumwacha mtoto anayenyonya analazimika kuona hatua kumi mbele. Mwaka 1956 Einar Egnell wa Sweden akachapisha utafiti wake kuhusu namna ziwa linavyovutwa bila kuumizwa. Wanaume watupu. Walifanya kazi nzuri, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuitumia.

Sifa yake kubwa ni ukweli. Mtoto akinyonya hakuna ajuaye amekunywa kiasi gani. Tunakisia kwa nepi na kwa usingizi. Pampu haikisii. Ina chupa yenye mistari, na mama aliyekaa nusu saa akiamini amejaza debe huambiwa bila kupepesa macho: mililita 40. Hapo ndipo hesabu inapoanza. Mtoto wa mwezi mmoja hadi sita anayenyonya tu, bila kupewa kitu kingine, hunywa kwa wastani kama mililita 750 kwa siku. Mama ameitwa semina Dodoma, siku nne. Hizo ni lita tatu. Wala si lita tatu za kununua Kariakoo ukabebewa na mkokoteni. Ni lita tatu juu ya zile anazokunywa mtoto kila siku, kwa sababu yeye hajaambiwa apunguze ili mama yake apate posho. Mama aliyejaliwa kupata mililita 90 za ziada kila alfajiri atahitaji siku 33 na ushee. Barua ya mwaliko, kama zilivyo barua zetu, inamfikia Ijumaa kwa safari ya Jumatatu.

Alfajiri nimeitaja makusudi. Prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku, ndiyo maana ziwa la alfajiri hutoa kuliko la jioni. Basi pampu inamwamsha mtu saa kumi usiku, na mwadhini akija kusema kwamba sala ni bora kuliko usingizi anamkuta mwenzake yuko macho siku nyingi. Saa hiyo, nyumba ikiwa kimya, pampu ya umeme huwa inazungumza. Waulize akina mama; kila mmoja ana maneno yake. Yangu ilikuwa ikisema "bado kidogo, bado kidogo". Rafiki yangu mmoja ya kwake ilikuwa inataja jina la mama mkwe.

Tena inajua mambo ya moyo kuliko tunavyoyajua. Maziwa hayashuki kwa amri. Yanashuka pale homoni nyingine, oksitosini, inapoachiwa, nayo haipendi haraka wala hofu. Kwa hiyo mtaalamu wa mipango mwenye shahada mbili anafungua simu chooni na kutazama video ya mtoto wake anapiga miayo, mara ishirini mfululizo, mpaka yaanze kutiririka. Bosi akigonga mlango, yanakatika. Halafu yakipenda yanakuja bila kualikwa: mtoto wa watu anamlilia mama yake kwenye daladala ya Mbagala, na blauzi ya abiria asiyehusika inalowa.

Pampu ikimaliza zamu yake, enzi inahamia kwenye friza. Miongozo ya Marekani, ambayo akina mama wengi wa mjini huifuata, inasema maziwa yaliyokamuliwa yanakaa saa 4 kwenye chumba chenye joto lisilozidi nyuzi 25, siku 4 kwenye friji, na miezi 6 kwenye friza ndiyo bora, ingawa hata 12 yanakubalika. Chumba cha nyuzi 25 jijini Dar es Salaam mwezi Januari ni ofisi ya mkurugenzi, na maziwa hayana miadi naye. Kwa hiyo mbio zinaanza chupa ikiwa bado ya moto. Kifuko hakijazwi hadi shingoni, kwa sababu maziwa yakiganda yanatanuka na kupasua plastiki. Kinaandikwa tarehe kwa maka peni, na cha zamani ndicho kinachotangulia kutoka. Vinafungwa vidogo vidogo, mililita 60 hadi 120, maana kilichokwisha kuyeyuka hakirudi kugandishwa, na hata ndani ya friji kimebakiwa na saa 24. Kupasha ni kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Maikrowevu ni haramu, inaunguza sehemu moja na kuacha nyingine baridi.

Umeme ukikatika ndipo utamjua mwenye nyumba ni nani. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hutunza baridi kama siku mbili. Iliyojaa nusu, siku moja. Hivyo mlango unapigwa marufuku, na nafasi tupu inajazwa chupa za maji ili pajae. Vibua vya Jumapili na kongoro la supu vinakuwa raia wa daraja la pili. Baba wa nyumba aliyezoea maji ya barafu anasomewa sheria kwa sauti ya chini, ile ambayo ndiyo mbaya. Nimeziona nyumba ambamo hakuna kilichowahi kupangwa, si viatu wala madeni, lakini droo ya juu ya friza imepangwa kwa wiki na kwa siku, na dada wa kazi anaweza kukutajia akiba iliyopo kwa uhakika kuliko mhasibu anavyoweza kukutajia ya ofisi.

Zipo hila ndogo ndogo. Maziwa ya baadhi ya akina mama yakigandishwa na kuyeyushwa yananuka sabuni. Hayajaharibika: ni kimeng'enya cha lipesi kinachoendelea kuvunja mafuta taratibu humo humo kwenye barafu. Watoto wengi wanakunywa bila neno, wachache wanasusa. Anayejua mapema huyapasha moto kabla ya kugandisha, mpaka pembeni mwa sufuria vipovu vianze, kisha anayapoza haraka. Asiyejua hugundua akiwa na lita tatu kamili, na bibi ya mtoto anamwambia, "Mwanangu, hiyo chupa hukuisuuza vizuri."

Bibi ndiye mpinzani mkuu wa pampu, na hoja zake si za kupuuzwa. Kwanza, maziwa ya mama si ya kuonwa na kila mtu. Kijicho kipo, na yeye vifuko vyote anavifunika khanga ndani ya friza. Pili, wao zamani walimbeba mtoto mgongoni wakaenda naye, iwe shambani, iwe msibani. Manesi wa kliniki nao wanamuunga mkono kwa njia yao: mkono ulionawa vizuri unakamua bila umeme, na kikombe kidogo kinamnywesha mtoto bila chuchu ya mpira, tena ni rahisi kusafisha kuliko chupa. Yote kweli. Pampu haijawahi kujibu, na hiyo nayo ni tabia njema.

Huku pwani imetuletea jambo ambalo yule bingwa wa sataranji hakuliona hata kwa hatua kumi. Waislamu wa mwambao kwa kawaida ni wa madhehebu ya Shafii, na kwa fiqhi hiyo mtoto wa chini ya miaka miwili akinyonyeshwa na mwanamke mara tano mbalimbali anakuwa mwanawe wa kunyonya. Watoto wa mama huyo ni nduguze, hawaoani kabisa. Tena si lazima mdomo uguse ziwa. Yaliyokamuliwa akanyweshwa yanahesabika vile vile. Sasa chukua friji moja ya ofisi, akina mama wawili wa idara moja, na vifuko visivyo na majina. Mara tano katika mwezi wa kazi ni jambo dogo sana. Miaka ishirini na tano baadaye posa inaletwa, washenga wamekaa mkekani, kahawa imeshamiminwa, na yupo mama mmoja ukumbini ambaye ameanza kukumbuka ile friji. Andikeni majina, jamani. Kifaa hiki mnachokidharau ndicho pekee pale ofisini chenye uwezo wa kuvunja ndoa ambayo bado haijafungwa.

Wanaoilaumu pampu kwamba inamtenga mama na mwanawe wamekosea mshitakiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama wa Tanzania siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Akijifungua pacha anapewa 100, yaani mtoto wa pili amekadiriwa kuwa na uzito wa siku 16. Kliniki, ikifuata Shirika la Afya Duniani, inataka mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, siku kama 180. Toa 84. Zile 96 zinazobaki hazina mwenyewe: mwajiri anasema ni za wizara, wizara inasema ni za familia, familia inamtazama mama. Ni katika siku hizo pampu imejenga na kuhamia. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mama kunyonyesha wakati wa kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku, kifungu kizuri mno kwa yule ambaye mtoto wake yuko chini ya meza. Anayefanya kazi Masaki na mtoto yuko Mbagala, saa mbili hizo na foleni ile zinamtosha kwenda.

Kenya wamefika mbali zaidi kwenye karatasi. Sheria yao ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge vyumba vya kunyonyeshea, na hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya maziwa ya mama mwaka 2019. Mwaka huo huo, tarehe 7 Agosti, siku ya kufunga ile wiki ya mabango na fulana, Zuleikha Hassan, mbunge mwakilishi wa wanawake wa Kwale, aliingia ukumbini mwa Bunge na mtoto wake wa miezi mitano, akaamriwa atoke. Angeingia na pampu wasingemgusa. Ingenguruma kidogo tu, na kunguruma bungeni hakujawahi kuwa kosa.

Safari yenyewe inapofika, mtoto anabaki lakini pampu inapanda, kwa sababu ziwa halina habari ya semina. Lisipokamuliwa linajaa, linakuwa gumu, linaweza kushika uambukizo, na likiachwa siku kadhaa linajifunza kutengeneza kidogo. Walio nchi za nje wana mashaka yao ya ziada. Mwaka 2016 mama mmoja wa Kimarekani alilazimishwa kuacha zaidi ya lita 14 za maziwa yake kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege jijini London, kwa kuwa hakuwa na mtoto mkononi. Kama angekuwa na mtoto mkononi, asingekuwa na lita 14 za kubeba. Sisi wa treni ya umeme ya Dodoma, iliyoanza 2024, bado hatujakutana na mkaguzi wa maziwa. Abiria wanapiga picha dirishani, mama amejitanda khanga anabonyeza pampu ya mkono, na jirani yake mwenye adabu anaitazama milima ya Uluguru kwa bidii isiyo ya kawaida.

Mimi Dodoma nilipewa hifadhi kwenye stoo ya ukumbi wa mikutano. Kulikuwa na viti vya plastiki vilivyopandana hadi darini, mabango ya makongamano yaliyopita, na soketi moja inayokubali ukiinamisha plagi. Pampu haikuomba chumba kingine. Tulipomaliza nikaifunika chupa, nikairudisha kwenye boksi la barafu, tukaingia ukumbini. Mada ya mchana ilikuwa sheria za kazi, na mwezeshaji alikuwa amefika kwenye slaidi ya saa mbili za kunyonyesha. Akakisoma kifungu kwa hisia, akapigiwa makofi, akauliza kama kuna mwenye swali. Nikanyoosha mkono. Nilitaka kujua friza ya jikoni wanaifunga saa ngapi.