Washukaji na Wapandaji: Uainishaji wa Awali wa Viumbe wa Sukari

Wataalamu wa viumbe wamekwisha kuwagawa popo, konokono na hata kuvu wa kwenye mkate wa juzi katika himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Binadamu ambaye sukari yake ya damu imeyumba hajapewa heshima hiyo. Ameachiwa majirani wamwainishe, na majirani wana makabati manne tu: mlevi, mvivu, mwenye hasira na aliyerogwa. Makala hii inakusudia kuziba pengo hilo. Hoja yake ni kwamba dalili nyingi za sukari hazifanani na ugonjwa; zinafanana na tabia, na ndiyo maana mtu huhukumiwa kabla hajapimwa.

Kwanza tuweke mipaka ya uwanja. Damu yote ya mtu mzima, lita zipatazo tano, hubeba kwa wakati mmoja gramu nne au tano hivi za sukari, yaani kijiko kimoja cha chai. Ubongo unategemea kijiko hicho, nao ni mlaji asiye na aibu: kwa siku humaliza takribani gramu 120, na hauna ghala la maana. Kipimo kikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita kwa mtu anayetumia dawa za kisukari, ameingia ngeli ya Washukaji. Chini ya 3 ameshazama. Upande wa pili, aliyeamka bila kula akakutwa na 7 au zaidi, au aliyepimwa saa yoyote akakutwa na 11.1 huku ana dalili, anakaribishwa katika ngeli ya Wapandaji. Msomaji mwenye ndugu Marekani azingatie kwamba wenzetu hupima kwa miligramu kwa desilita, na tarakimu yao ni kubwa mara 18. Shangazi anayeandika kwenye kundi la familia kwamba ameamka na 95 asianze kuchangiwa pesa za matibabu. Yuko kwenye 5.3, na huenda anaelekea sokoni.

Kuhusu mbinu za utafiti

Matabibu wa India ya kale waliwategemea sisimizi: mkojo uliowavuta ulihesabiwa kuwa wa asali. Ibn Sina naye aliutaja utamu huo. Thomas Willis, tabibu Mwingereza wa karne ya 17, aliamua kuonja mwenyewe, na hatuoni popote kwamba aliomba kibali cha kamati ya maadili. Mwaka 1776 Matthew Dobson wa Liverpool aliuchemsha mkojo wa mgonjwa mpaka ukakauka, akabaki na vumbi lenye ladha ya sukari. Ni dhahiri kwamba katika taaluma hii kuonja hakukuisha kwa urahisi.

Sisimizi bado yupo kazini katika nyua nyingi za kwetu, na ushahidi wake si wa kutupwa. Ila ana upungufu wa kimbinu. Figo huanza kuachia sukari kwenye mkojo pale damu inapopita milimoli 10 hivi. Chini ya hapo sisimizi hana habari, na kuhusu Washukaji hana hata aya moja. Zaidi ya hayo, tangu vyoo vya kuvuta vienee, amepoteza maabara.

Ngeli ya kwanza: Washukaji

Hawa hujitokeza kwa dakika, si kwa wiki. Wengi wao hutumia insulini au vidonge vya jamii ya glibenklamidi. Metformini peke yake ni nadra kumshusha mtu. Huonekana zaidi saa nne asubuhi, kwa aliyejichoma sindano saa moja akiamini kwamba chai iko njiani, na jioni kwa aliyelima kuliko alivyozoea.

Spishi ya kawaida ni Mtokwajasho. Mwili umeona kijiko kinapungua ukamwaga adrenalini. Mtu anatokwa na jasho jembamba la baridi, mikono inatetemeka, moyo unadunda, midomo inafanya ganzi, na njaa inamshika, njaa isiyojua kungoja wageni wanawe. Ni spishi rafiki kwa mtafiti kwa sababu hujitangaza yenyewe. Wachunguzi wasio na mafunzo humwandikia presha, au humtuhumu kuwa ana siri.

Mkali wa Ghafla anahitaji nafasi zaidi. Ubongo ukianza kukosa chakula, busara ni miongoni mwa vitu vinavyozimika mapema. Mtu aliyejulikana mtaa mzima kwa upole anagombana na kondakta kwa chenji ya shilingi mia, anarudia swali lililokwisha kujibiwa, anashindwa kujumlisha saba na tano. Mlio wake wa utambulisho ni "Niacheni, mimi sina tatizo!", na kadiri tatizo linavyokua ndivyo mlio unavyozidi. Anayemshikia glasi ya soda huambulia matusi. Asiyaweke moyoni, matusi hayo ni data.

Ndani ya ndoa spishi hii imezua mjadala mzito wa kinadharia: je, kila hasira ya mume ni sukari? Jibu lilitolewa katika miaka ya 1930 na Allen Whipple, daktari wa upasuaji wa New York, ingawa yeye hakuwa akifikiria waume. Alitaka mambo matatu yakutane: dalili ziwepo, kipimo kionyeshe sukari iko chini, na dalili ziondoke sukari inapopandishwa. Kwa hiyo hasira iliyopimwa ikakutwa na 6.2, au iliyobaki palepale baada ya soda, si ya somo hili. Ipelekwe kwa mshenga.

Jamaa yake wa karibu ni Mlevi Asiyekunywa: ulimi mzito, mwendo wa kupepesuka, macho yanayoona watu wawili alipo mmoja. Huyu hulala kituo cha polisi wakati alistahili kulala zahanati. Yupo pia chotara, aliyekunywa kweli. Pombe hulizuia ini kutengeneza sukari mpya, hivyo mwenye kisukari aliyekunywa tumbo tupu anaweza kushuka saa nyingi baadaye, katikati ya usiku, wenzake wakiwa wamekwisha kuamua: "Mwacheni alale, itamtoka." Kati ya kauli zote za mashahidi, hii ndiyo ya kuogopwa zaidi.

Kuhusu Mwota Jinamizi, wanazuoni wamegawanyika katika madhehebu mawili. Dhehebu la kwanza linashikilia kwamba mtu anayepiga kelele usingizini, akaamka shuka limelowa jasho na kichwa kinamgonga, amekabwa na kitu kilichoingia kwa dirisha. Dhehebu la pili linaomba apimwe saa tisa usiku. Mwandishi ni wa dhehebu la pili, lakini hana ugomvi na yeyote anayetaka kusoma dua wakati mashine inasubiri tone la damu.

Wa mwisho hana dalili, na ndiyo maana ni wa hatari kuliko wote. Mkimya ameshuka mara nyingi kiasi kwamba mwili umechoka kupiga yowe, anafika 2.8 akiwa anasimulia mpira, kisha anaanguka katikati ya sentensi. Spishi ndogo iliyo jirani naye ni mtumiaji wa baadhi ya dawa za presha, kama atenololi au propranololi, ambazo hufunika mtetemeko na mdundo wa moyo. Jasho halifunikwi. Kwa huyu, shati lililolowa chini ya feni ni hati kamili.

Ngeli ya pili: Wapandaji

Hapa mtafiti anaweza kuvuta kiti. Wapandaji hawana haraka. Wenye kisukari cha aina ya pili huweza kukaa miaka bila kujua kwamba wao ni kielelezo. Mbeba Chupa hunywa maji kama mwenye deni nayo, na usiku huenda chooni mara nne au tano, kwa kuwa sukari inayotoka na mkojo huvuta maji ya mwili. Familia humsifu kwa kujali afya. Akiwa na bahati mbaya anaikata kiu hiyo kwa soda, na hivyo anajitengenezea kiu ya kesho.

Mla Asiyenenepa hupakua mara mbili huku suruali ikimlegea: sukari iko kwenye damu lakini insulini ya kuiingiza kwenye seli haitoshi, basi mwili unaanza kula mafuta na misuli yake. Mtaa, uliojifunza miaka mingi kuusoma wembamba kwa namna moja tu, hutoa hukumu ya kunong'ona, naye kwa kuiogopa hukwepa hata kipimo ambacho kingemsafisha. Mbadili Miwani yeye hulaumu fundi, kumbe sukari iliyozidi imeifanya lenzi ya jicho ivimbe. Akinunua miwani leo, wiki kadhaa baada ya sukari kutulia haitamfaa. Waliobaki nawataja kwa mkupuo: mchovu wa kudumu aitwaye mvivu, mwenye kidonda kisichofunga, mwenye fangasi zinazorudi, na anayepoteza kandambili njiani bila kuhisi kwa sababu ya ganzi miguuni.

Katika ngeli hii tulivu yupo mmoja asiye na utulivu. Mhemaji wa Kina alielezwa na daktari Mjerumani Adolf Kussmaul mwaka 1874: pumzi ndefu, nzito, zisizokatika, kama za mtu aliyekimbizwa ilhali amelala. Insulini ikikosekana kabisa, mwili huchoma mafuta na kutoa ketoni zinazoitia damu asidi. Pumzi hizo ni juhudi ya kuitoa asidi hiyo. Mdomo unanuka matunda yaliyovunda au dawa ya kufutia rangi ya kucha. Tumbo linauma, anatapika, anasinzia. Binamu yake ni mzee wa aina ya pili anayekauka polepole kwa siku kadhaa, sukari ikivuka 30, mpaka anaanza kuwaita wajukuu kwa majina ya wadogo zake. Watu husema ni uzee.

Mgogoro wa homa

Uainishaji wowote katika ukanda wetu hugongana na kabati la tano, ambalo nililiacha makusudi: malaria. Mtoto anayetapika, kuhema na kulegea huingizwa humo moja kwa moja, wakati mwingine bila kipimo, na kisukari cha aina ya kwanza kikapita bila kutambuliwa. Lakini asili haikuridhika na utata huo. Malaria kali yenyewe huishusha sukari, hasa kwa watoto na wajawazito, kiasi kwamba kipimo kilicho chini ya 2.2 ni mojawapo ya alama za ukali wake. Na kwinini, dawa tuliyoitegemea vizazi na vizazi, huichochea kongosho kumwaga insulini. Basi watoto wawili waliolegea kwenye kanga za mama zao, katika benchi moja, wanaweza kuwa wa ngeli mbili zinazotazamana kwa visogo. Tofauti yao ni tone moja la damu na sekunde chache. Mwandishi ameshindwa kulifanyia mzaha jambo hili.

Kuna pia spishi zinazohama. Mfungaji wa Ramadhani mwenye kisukari anaweza kuwa Mshukaji alasiri na Mpandaji baada ya futari, kwa uwezo wa tende, kaimati na juisi ya ukwaju iliyotiwa sukari kwa upendo. Miongozo ya kitabibu inamtaka afungue akikutwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, na wanazuoni wengi wamekubali kwamba kujichoma kidole kupima hakuvunji saumu. Wanaokataa kupima kwa hofu ya kufungua hawana pa kujificha.

Ngeli ya tatu: Wasaidizi

Hakuna uchunguzi wa Mshukaji unaokamilika bila wale wanaomzunguka. Kanuni wanayotakiwa kuifuata ni fupi: gramu 15 za sukari ya haraka, yaani nusu glasi ya soda ya kawaida au juisi, au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kusubiri dakika 15, kupima tena. Kama hakuna mashine na mtu anaweza kumeza, apewe vilevile, kwa sababu nusu glasi haitamwongezea Mpandaji madhara makubwa, ilhali kucheleweshwa kunaweza kummaliza Mshukaji.

Kutoka kanuni hiyo zimechipuka spishi za kutosha kujaza jumba la makumbusho. Yupo Mleta Soda Isiyo na Sukari, anayeamini kwamba mgonjwa wa sukari hastahili sukari hata anapokufa kwa kuikosa. Yupo Mpika Uji, mwenye nia safi na dona safi, ambaye bado anapuliza moto wakati kielelezo kinazimia. Mleta Chokoleti hajui kwamba mafuta yake yanaichelewesha sukari. Mmiminaji humtilia asali mdomoni mtu aliyezimia, nayo huenda mapafuni. Huyo alipaswa kumlaza mgonjwa kwa ubavu na kutafuta gari, kwani aliyepoteza fahamu anahitaji dripu ya sukari au sindano ya glukagoni.

Anayebaki ni Mwongezaji. Huyu anaijua kanuni yote isipokuwa zile dakika 15. Anatoa soda, anaona mikono bado inatetemeka, anatoa nyingine. Shemeji anafika na asali, bibi anafika na tende, mpangaji wa chumba cha nyuma anakuja na keki ya arusi iliyobaki. Kabla saa haijaisha mashine inasoma 17, mgonjwa anaomba maji na kuulizia choo kiko wapi, na mtafiti anaichana fomu yake ili aijaze upya katika ngeli ya pili.